Maji Yaliyolala Ndani ya Kebo

6 Oktoba

Ukungu umeingia leo alfajiri, mapema kuliko mwaka jana. Nimefungua dirisha nikakuta mto Po haupo, daraja halipo, na mnara wa kanisa umebaki nusu ya juu tu, unaelea. Kila mwaka naanza kuandika ukungu unapoingia na kuacha unapoondoka. Miezi hii watu wa huku tunaishi nusu ndotoni. Tunasikia sauti ya mtu kabla ya kuiona sura yake, na nisipoandika naanza kutilia shaka kama jana ilikuwapo.

Nimeunguza kebo moja. Imefuzu.

8 Oktoba

Jina langu ni Nives, lakini kazini wananiita Mpishi. Nina chumba changu nyuma ya kiwanda, chenye kuta nyeusi na ngazi ndefu ya chuma iliyosimama wima. Nafunga vipande vya kebo kwenye ngazi, nawasha moto chini yake, kisha nakaa nyuma ya kioo dakika ishirini natazama. Sheria za Ulaya zinataka kila kebo inayofungwa ndani ya jengo ijulikane inavyoungua: moto unapanda hadi wapi, moshi wake ni mzito kiasi gani, kama inadondosha matone ya moto juu ya vichwa vya watu. Majibu hayo yanafupishwa kuwa herufi, herufi inapigwa chapa kwenye lebo, na Bwana Tavoni, mwenye kiwanda, anatia saini kwamba kebo anayouza ni sawa na ile iliyoungua. Kebo yetu ya hospitali na nyumba za wazee ni daraja C. Moto wake hauruhusiwi kupanda zaidi ya mita mbili.

"Mpishi, leo umepika nini?" Loris kaniuliza wakati wa chakula. Loris ni mdogo wangu, na ndiye anayeendesha mashine ya kuvisha kebo ganda.

"Nimepika kazi yako."

"Imeiva?"

"Imekataa kuiva."

"Basi nipe haki yangu," akasema, akachukua kipande cha jibini kwenye sahani yangu. Mtu mzima mwenye mvi, na bado anakula cha mwenzake.

10 Oktoba

Leo nilisimama karibu na mashine ya Loris nikitazama chembe nyeupe zikimiminika ndani. Zaidi ya nusu ya ganda la kebo hii ni unga wa jiwe, na ndani ya unga huo kuna maji. Si maji ya kumwagika. Yamefungwa ndani ya jiwe, yamelala. Moto ukiyafikia yanaamka, yanatoka kuwa mvuke na kuupoza. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado jambo hilo linanipa raha nisiyoweza kuieleza: tunatandaza maji juu ya dari za watu, na wao wanalala chini yake bila habari.

Loris alikuwa anapiga mluzi. Nikamwambia anapiga ovyo, akaongeza sauti.

12 Oktoba

Jumapili. Tumekwenda mimi na Loris kumwona Mama kwenye nyumba ya wazee. Jengo la zamani limeloa mpaka rangi inabanduka ukutani. Uani wameshajenga jipya, lenye madirisha makubwa, na chumba cha Mama kitakuwa cha nne mkono wa kulia. Kilichobaki ni umeme tu, na kebo wanazisubiri kutoka kwetu.

"Nitahama siku ya Mtakatifu Martino," Mama kasema, kama kwamba sisi ndio tunaopanga.

"Mama, ikichelewa wiki moja si neno," nikamwambia.

"Kwako si neno. Wewe hukuzaliwa juu ya mkokoteni."

Babu yangu alikuwa kibarua wa mashamba. Zamani mikataba ya vibarua iliisha siku hiyo, tarehe kumi na moja Novemba, na bonde zima lilihama kwa pamoja, vitanda na kuku na bibi vizee juu ya mikokoteni. Mpaka leo mtu akihama tunasema amefanya Mtakatifu Martino. Mwaka mmoja Babu alikosa shamba kwa wakati, wakahama Januari. Mdogo wake Mama, Dirce, alishikwa na kichomi njiani, akafa. Alikuwa na miaka mitatu. Tangu hapo Mama hajawahi kuhama siku nyingine yoyote, hata alipoolewa.

"Loris," akamwita, akimshika mkono wa sweta. "Fundi umeme ananiambia anawasubiri ninyi."

"Zitafika, Mama."

"Zifike upesi. Sitaki kuhama Januari."

"Nimesema zitafika. Hata ikibidi nizivute kwa meno."

Akacheka, Mama akacheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta koti langu.

15 Oktoba

Ukungu. Nimeunguza mbili. Zimefuzu.

21 Oktoba

Mashine ya Loris inakwenda kasi ambayo sijawahi kuiona. Bwana Tavoni alishuka kutoka ofisini kuja kumpiga begani mbele ya watu. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyezaliwa kiwandani." Loris kainama, masikio yamemwiva mekundu. Nimemcheka, lakini moyoni nimefurahi. Siku zote nimemhesabu kuwa mtu wa ndoto za mchana, na huenda nimemwonea.

22 Oktoba

Kipande cha leo kimefuzu. Moto umefika kiunoni pa ngazi ukakata tamaa.

24 Oktoba

Roli la mwisho limetoka kwenda kwa fundi wa nyumba ya wazee. Lilipofika getini taa zake zilimezwa na ukungu, tukabaki tunasikia mngurumo tu unaokwenda zake. Loris kaleta tortelli, vifuko vya tambi vilivyojazwa boga, alizopika mkewe, tukazila tumesimama. Alikuwa na usingizi mpaka anayumba.

30 Oktoba

Leo hakuna kipande. Desturi yetu, tangu enzi za baba yake Bwana Tavoni, ni kwamba kebo ya kuunguza inakatwa asubuhi, mashine ikishaanza tu, kabla foleni ya kazi haijawa ndefu. Inawekwa nje ya mlango wangu, nami naiingiza ndani ilale kwenye joto la chumba kabla ya siku yake. Nilikuwa nimebakiza ya siku ile ya roli la mwisho. Nimeikuta fupi. Mtu wa ghala amekata sehemu akaenda kufungia miti ya mizabibu yake.

"Ilikuwa imelala tu pale," kaniambia.

"Ililazwa na mimi."

"Basi samahani, Mpishi. Mizabibu imekushukuru."

Nimezunguka ghalani nikapata masalio ya siku ileile, lakini ya jioni, mwisho wa kazi. Nikaona ni mamoja. Nimeyaingiza ndani yalale.

31 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nimefunga vipande kwenye ngazi kama ninavyofunga siku zote. Nimewasha moto. Dakika za kwanza zilikuwa za kawaida, ndimi zinalamba, ganda linakuwa jeusi, kisha jeupe kama majivu ya kuni, na mimi nikaanza kuota macho wazi, kama ilivyo kawaida yangu nyuma ya kile kioo. Niliwaza boga. Niliwaza viatu vya Mama. Kisha nikaona mwanga usio mahali pake.

Moto ulikuwa umepita kiunoni. Haukuwa na haraka. Ulipanda kipande kwa kipande, taratibu, ukigeuka huku na huku mithili ya mtu anayepanda ngazi gizani akipapasa. Nikasubiri maji. Kila siku unafika wakati moto unapungua wenyewe, na mimi huwa nausikia mwilini mwangu kabla macho hayajauona. Leo wakati ule ulipita na maji hayakuamka. Moto ukapita alama ya mita mbili. Ukaendelea. Matone yenye moto yakaanza kudondoka sakafuni, moja, jingine, na moshi ukajaa mpaka kioo kikawa cheupe. Nje ya dirisha kulikuwa na ukungu na mbele yangu kulikuwa na moshi, na kwa muda sikujua niko upande gani.

Dakika ishirini zilipoisha ulikuwa umefika juu kabisa.

Nilipotulia nilichukua kipande kisichoungua nikakikata kwa wembe, nikakiweka chini ya lenzi. Ganda lina matundu. Madogo sana, huwezi kuyahisi kwa vidole. Mashine ilipashwa moto kupita kiasi, maji yaliyofungwa ndani ya jiwe yakaamkia mle mle mashinani, yakatoka na kuacha matundu yake. Kebo ilitoka ikiwa nzuri machoni, ina rangi yake na lebo yake, lakini ndani ni kavu.

Kipande cha asubuhi hakiwezi kuonyesha hivyo. Asubuhi mashine bado ya baridi na mwendo ni mdogo. Miaka yote tumekuwa tukiunguza asubuhi na kuuza jioni.

Na ile ya jioni sasa iko juu ya dari ya chumba cha nne mkono wa kulia. Ameifanya Loris. Kama nikisema, jengo halitafunguliwa Mtakatifu Martino, na mdogo wangu atapoteza mashine yake. Kama nikinyamaza, Mama atahama kwa siku yake na kulala chini ya kitu kile nilichokiona leo.

2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Tumekwenda makaburini na maua ya krizanthemumu. Mama alitaka kusukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka kwa Dirce. Picha ya kwenye jiwe imefifia, imebaki paji la uso na utepe. Loris aliinama akafuta jiwe kwa leso yake, akafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mimi nilimtazama mgongo.

"Zimebaki siku tisa," Mama kamwambia Dirce.

3 Novemba

Nimemwambia Loris. Nilimwita chumbani kwangu, nikamwonyesha ngazi ilivyo.

Kacheka kwanza. "Leo kweli umepika."

"Ni ya kwako. Ya siku ya mwisho, jioni."

Hakucheka tena. Nikampa lenzi. Alitazama, akaiweka chini, akaitazama tena.

"Ulipandisha joto," nikasema.

"Kidogo."

"Loris."

"Nilipandisha. Chembe zinakuja na baridi ya nje, zinavuta unyevu wa ukungu huu, mashine inasita. Ukipandisha joto inateremka kama mafuta. Nikapandisha Jumatatu, ukaunguza, ikafuzu. Nikapandisha tena, ikafuzu. Nikasema basi, kama Nives amepitisha hakuna ubaya."

"Nilikuwa naunguza za asubuhi."

"Mimi nilijua hivyo? Mimi nilijua dada yangu anatazama."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. Nilikuwa nimepanga kumfokea. Badala yake nikamuuliza kilichomharakisha, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Alinishika sweta, Nives. Ulimwona alivyonishika."

Kisha akaniomba nisiende kwa Bwana Tavoni mpaka kesho, ili leo amalize zamu yake kwenye mashine. Nikakubali. Kupitia ukutani nilimsikia hapigi mluzi.

4 Novemba

Bwana Tavoni si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mambo yawe yameshaisha.

"Cheti kinasema C," kaniambia.

"Cheti kilitazama ya asubuhi."

"Ni kipande kimoja, Nives. Huenda ulikifunga vibaya."

"Nilibakiza vya kutosha kuunguza mara ya pili. Njoo unifundishe kufunga."

Akaja. Alivua koti akafunga vipande kwa mikono yake, na nilishangaa kuona anajua. Moto ulipopita alama ya mita mbili alivua miwani.

"Zima."

"Muda haujaisha."

"Nimeshaona. Zima."

Aliketi juu ya ndoo. "Watu wanahama wiki ijayo. Dari zimeshafungwa. Meya amealikwa."

"Dari zitafunguliwa."

"Hakuna mkaguzi atakayekwenda kukata kebo iliyomo darini. Tungeweza kusubiri wahame, kisha tukabadilisha kidogo kidogo."

"Juu ya vitanda vyao?"

Akavaa miwani yake tena.

"Unajua ni mashine ya nani hiyo," akasema.

"Najua."

"Na bado umeniletea."

"Mama yangu ana chumba mle. Cha nne mkono wa kulia."

Alikaa akitazama ngazi. Yule mtu nimefanya kazi kwake miaka yote nikidhani anachokijali ni lebo tu. "Ile saini ni yangu," akasema, akainuka. Kabla ya mchana alikuwa amepiga simu kwa wajenzi, kwa wakaguzi, na kwa kila aliyechukua kebo ya wiki ile.

5 Novemba

Loris ameondolewa kwenye mashine, amepelekwa ghalani kuviringisha magurudumu ya kebo. Hakufukuzwa. Bwana Tavoni kasema kama ni kufukuzana angeanza na aliyempiga begani.

Watu wa ghala wanamwita Bwana Jioni. Anawaitikia.

8 Novemba

Nilitaka kumweleza Mama mwenyewe. Loris kakataa. "Hii ni yangu, dada."

Alikwenda na vipande viwili vya ganda, akaviweka kwenye kiganja cha Mama pamoja na lenzi yangu. Mimi nilisimama mlangoni.

"Mama, hutahama Jumanne. Kebo nilizofanya ni mbovu. Wanazing'oa."

Mama akatazama kimoja, kisha kingine. "Hiki kina matundu. Kimeumuka."

"Ndiyo hicho kibaya."

"Mkate bila matundu hauliki."

"Hii si mkate, Mama. Moto ungepanda."

"Nani aliyekuambia uharakishe?"

Loris akaichukua lenzi, akaifuta kwa mkono wa sweta yake. Nadhani huyo ndiye Loris wa kweli, ambaye sikumjua miaka yote hii: angeweza kusema neno moja tu, na hakulisema. Mama akamrudishia vipande, akageukia ukuta.

11 Novemba

Mtakatifu Martino. Ukungu umeondoka wote, jua limewaka na joto la kiangazi kidogo, kama linavyopenda kufanya siku hii kutudanganya. Saa ya chai nilimkuta Mama amevaa koti na kofia, mkoba magotini, ameketi karibu na mlango wa chumba chake cha zamani. Nikamwambia avue. "Niache nimalize siku yangu," akasema. Ng'ambo ya ua mafundi walikuwa wanashusha kebo kutoka darini, zinaanguka marundo kwa marundo, na Mama anazitazama. Loris alikuwa miongoni mwao. Ameomba likizo ili ashike kazi ya kuvuta. Aligeuka akapunga mkono. Mama hakupunga.

Alikaa vile mpaka jua likazama.

12 Novemba

Ukungu.

19 Novemba

Kebo mpya zimeanza kutoka. Anayeendesha mashine ni mwingine, ana adabu, na namkosa mwenye mluzi. Sasa kipande nachagua mwenyewe, saa nitakayo, hakuna anayejua kabla. Leo nimekata jioni. Moto umepanda mpaka kiunoni, ukasita, na mwilini mwangu nikayasikia maji yakiamka. Nililia kidogo nyuma ya kioo, kwani hakuna anionaye pale.

26 Novemba

Mama anakohoa.

28 Novemba

Daktari kasema ni kifua tu, si kichomi. Mama hamwamini. Ameanza kumwita muuguzi kwa jina la Dirce. Unyevu wa jengo lile unatoka ukutani, nimeupangusa kwa mkono wangu. Nikajiuliza, kama nisingesema, leo angekuwa amelala pakavu. Nimejiuliza hivyo barabarani, kwenye ukungu, nikiendesha polepole nyuma ya taa za mtu nisiyemjua, na nilipofika nyumbani nilibaki nimeketi ndani ya gari. Naogopa. Nikimzika mama yangu kwa sababu ya mita mbili za moto ambao haukuwahi kuwaka, sijui nitakaaje mbele ya kile kioo.

1 Desemba

Loris hupita kila siku akitoka kuvuta kebo, ana vumbi la dari kichwani. Anaweka chungwa juu ya meza ya Mama na kuondoka. Mama hasemi naye. Machungwa anayala.

6 Desemba

Kikohozi kimepungua. Ameniuliza mji mzima unasema nini. Nikamwambia mji mzima uko ndani ya ukungu, hausemi kitu.

13 Desemba

Mtakatifu Lusia, siku ya watoto kupewa zawadi. Jengo jipya limefunguliwa bila meya. Nilikwenda nikiwa na hofu kwamba Mama atang'ang'ania mlango, lakini nilimkuta tayari, na koti na kofia yake na mkoba magotini.

"Leo si Mtakatifu Martino," nikamkumbusha, mjinga mimi.

"Kwani mimi sijui kalenda? Sukuma."

Tukavuka ua. Ukungu ulikuwa mzito mpaka Loris, aliyetangulia na kabati dogo, alipotea kabisa, tukawa tunamfuata kwa sauti ya viatu. Mama akashika mikono ya kiti. "Hivi ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Baba alikuwa mbele, hatumwoni. Nilikuwa nimempakata Dirce, nikamwambia usiogope, Baba yupo hapo mbele." Sikuwahi kusikia kwamba yeye ndiye aliyempakata.

Chumba cha nne mkono wa kulia ni kikavu, kina harufu ya chokaa. Nilitaka kumlaza. Akanizuia, akatazama dari, kisha akamtazama mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Zinapita hapo juu?"

"Hapo juu, Mama. Kutoka mlangoni mpaka dirishani."

"Umezivuta wewe?"

"Mimi na mafundi."

"Na dada yako ameziunguza?"

"Nimeziunguza," nikasema. "Za asubuhi na za jioni."

Mama akanyoosha kidole kitandani. "Basi lala wewe kwanza."

"Mama, mimi mchafu."

"Vua viatu ulale."

Loris akavua viatu. Akajilaza chali juu ya blanketi jipya, mikono kifuani, aibu imemjaa, akitazama dari yake. Nje hapakuwa na ua wala jengo la zamani, ni weupe tu dirishani. Siku zile zote za kuvuta kebo zikamshukia mara moja, nikaona macho yake yanazidiwa, yanafumbuka, yanafumba. Akalala. Akaanza kukoroma kidogo.

Nikasogea kumwamsha.

"Mwache," Mama akasema. Alivua koti lake, kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa, akamfunika nalo miguu, kisha akasogeza kiti chake karibu na kitanda. "Nilimwambia aharakishe. Mwache apumzike."